Bati Juu, Saruji Chini, Udongo Katikati

Minada ya korosho ikishika kasi, Oktoba hadi Desemba, malori yanaondoka Ruangwa na Nachingwea na magunia kwenda Mtwara, na yanayorudi hayarudi matupu. Yanarudi na mabati, nondo, marumaru, ndoo za rangi, milango ya MDF iliyofungwa nailoni, na madirisha ya aluminiamu yaliyoegemezwa kwenye magodoro yasivunjike. Malipo ya chama cha ushirika (AMCOS) yakisoma kwenye simu asubuhi, jioni fundi ameshapigiwa. Pita vijijini mwezi Januari uone: msingi mpya hapa, boma lisilopauliwa pale, na ubavuni mwa boma ile nyumba ya zamani ya miti na udongo ambamo wenyewe bado wanalala, wakisubiri msimu mwingine.

Sina ugomvi na anayejenga. Ugomvi wangu ni na fikra inayomwongoza, fikra iliyozoeleka kiasi kwamba ukiihoji unaambiwa unamtakia mkulima abaki kwenye umaskini. Inasema hivi: nyumba bora ni ile iliyonunuliwa dukani kuanzia msingi hadi paa, na kipimo chake cha kwanza ni ukuta wa bloku. Diwani anaihubiri, fundi anaiuza, kijana aliyeko Dar es Salaam anatuma fedha ili mama atoke kwenye udongo. Serikali nayo inaigongea muhuri. Tafiti za mapato na matumizi ya kaya hutenga kuta za kisasa na kuta za asili, na kijiji chenye kuta nyingi za udongo husomeka maskini kabla hujauliza watu wake wanavuna nini.

Fikra hiyo imepatia nusu. Bati lina haki ya kuja. Saruji ina haki ya kuja, lakini ikae sakafuni. Ukuta ndio usio na sababu ya kupanda lori.

Tukizungumzia utegemezi wa vifaa vya ujenzi, wengi huwa na Unguja au Mafia akilini, mahali ambapo kila mfuko wa saruji lazima uvuke bahari. Lakini Kusini nayo imeishi kama kisiwa. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na masika yakikolea msafiri hakuwa na uhakika wa kulala wapi. Daraja limekuja, lami imekuja, na bado Mei 2024 Kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam katika maeneo kadhaa ya Kilwa, magari yakalala njiani siku kadhaa. Aliyekuwa na boma linalosubiri kenchi alisubiri. Aliyekuwa anafyatua tofali uani kwake hakuwa na habari na daraja lolote.

Kuna hoja moja nzito dhidi yangu, na afadhali niikabili mapema. Wanaojua mambo huniambia: unalalamikia saruji ya kigeni ipi? Tangu 2015 Mtwara ina kiwanda cha Dangote chenye uwezo wa kuzalisha tani milioni 3 kwa mwaka. Chokaa ni ya Mtwara, gesi ni ya Mtwara, na jasi ya kuchanganyia ipo Kilwa, ndani ya mkoa huu huu wa Lindi. Mwenye kiwanda ni Mnaijeria, sawa, lakini mawe hayakutoka Lagos.

Nakubali yote hayo, na ndiyo sababu sitasema saruji ni ya wageni. Nachosema ni kwamba kwa mkulima wa Mandawa ya Ruangwa au Kilimarondo ya Nachingwea, mpaka ulio muhimu si ule wa nchi. Ni mpaka wa wilaya yake. Shilingi aliyomlipa mwenye lori na mwenye kiwanda imeshavuka, haitarudi kununua mahindi ya jirani wala kulipa kijana wa kufyatua tofali. Korosho yetu inaondoka ghafi, ufuta unaondoka ghafi, madini ya kinywe ya Ruangwa yanachimbwa ili yasafirishwe. Kilichobaki hapa ni malipo ya msimu, na malipo hayo nayo tunayapakia lorini yaondoke kwa njia ile ile. Huko ndiko kutegemea vifaa vya nje ninakokulalamikia, hata kama vimetengenezwa kilomita mia mbili tu kutoka hapa.

Nachingwea ina sababu ya kulijua hili kuliko wilaya nyingine yoyote Tanzania. Ina kata inayoitwa Stesheni, na haina treni. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga kwa mamilioni ya ekari Kongwa, Urambo na Nachingwea, chini ya waziri wake wa chakula John Strachey. Kila kitu kilitoka nje: matrekta, vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa vya kung'olea visiki, vyuma vya reli kutoka Mtwara, gati la Mtwara lenyewe. Mwaka 1951 mpango ulifutwa na takriban pauni milioni 36 zikaandikwa hasara. Reli ilifungwa miaka ya mwanzo ya 1960, vyuma vikang'olewa. Shamba moja lenye namba, Farm 17, likaja kuwa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO, na pengine hayo ndiyo mavuno ya maana zaidi ya mpango mzima. Wanahistoria wa karanga hupenda kusimulia jinsi udongo wa Kongwa ulivyokauka kiangazi ukawa mgumu hadi majembe ya matrekta yakashindwa. Udongo wa nchi hii umevunja vyuma vya Waingereza, halafu sisi tunaambiana hauwezi kusimamisha sebule.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana watetezi wa bloku hupenda kusema kwamba mkulima si mjinga, anapiga hesabu. Chukua nyumba ya kawaida ya Mnacho au Naipanga: mita nane kwa tisa, vyumba vitatu na sebule. Kuta zake, za nje na za ndani, ukitoa milango na madirisha, zinakaribia mita za mraba 140. Bloku la inchi sita, kwenye mita moja ya mraba yanaingia tisa na nusu hivi, kwa hiyo unahitaji kama 1,330. Fundi mwaminifu akitoa bloku 30 kwa mfuko, hiyo ni mifuko 44. Ongeza 17 ya kujengea. Ongeza 25 ya kupiga lipu ndani na nje. Ni mifuko 86. Tuseme mfuko umefika kijijini kwa shilingi 16,000: ukuta umekunywa shilingi 1,376,000 za saruji peke yake, bado hujalipa lori tano au sita za mchanga, wala fundi, wala saidia fundi. Korosho ikiwa shilingi 2,000 kwa kilo, hizo ni kilo 688, zaidi ya magunia manane na nusu ya kilo 80. Kwa kaya nyingi hayo ndiyo mavuno ya msimu mzima, yamelala ukutani.

Sakafu ya nyumba hiyo hiyo, zege la inchi tatu na sakafu laini juu yake, inataka mifuko 36 au karibu na hapo. Yaani ukuta unakula zaidi ya mara mbili ya sakafu. Shika namba hizo mbili, nitazirudia.

Kwa kuwa mifuko 86 haipatikani, watu hufanya nini? Wanapunguza. Simama kwenye kibanda chochote cha kufyatulia bloku kando ya barabara, uliza bei, na kijana atakujibu bila kificho: "Mzee, la thelathini lipo, la hamsini lipo, hata la sitini tunapiga, ni wewe na mfuko wako." La hamsini na la thelathini yakishakauka yana rangi moja. Tofauti utaiona ukilinyanyua hadi begani na kuliachia ardhini: la kweli litapasuka vipande viwili vitatu, lile lingine litarudi kuwa mchanga. Halafu kuna suala la maji, ambalo sijasikia likitajwa kwenye kikao chochote cha maendeleo. Bloku ili likomae lataka kumwagiliwa siku saba mfululizo. Bloku za Ruangwa hufyatuliwa Oktoba na Novemba, fedha zinapoingia na mvua haijakolea, wakati ambao ndoo ya maji inatafutwa kwa baiskeli. Nani atamwaga ndoo ishirini kwenye matofali wakati watoto hawajaoga? Bloku linaachwa juani, linakauka badala ya kukomaa, na tunachokijenga mwisho wa siku ni mchanga ulioshikana kwa aibu. Ukikwaruza kwa ufunguo unatiririka. Huo ndio ukuta "wa kudumu".

Nao udongo? Wanasema unasombwa na mvua. Ni kweli, nimeona nyumba za udongo zikianguka, na kila mtu aliyekulia huku ameziona. Lakini tazama zinavyoanguka. Haziangukii juu. Zinaliwa chini, sentimita thelathini au arobaini za kwanza kutoka ardhini, pale matone ya mvua yanapodunda kutoka chini na kulowesha ukuta usiku kucha, na pale unyevu unapopanda kutoka ardhini. Nguzo zilizochimbiwa zinaliwa na mchwa pale pale. Juu ya hapo ukuta uko salama miaka na miaka. Kwa maneno mengine nyumba ya udongo imekufa miguuni, na miguu ina dawa: msingi wa mawe ulionyanyuliwa nusu mita juu ya ardhi, nailoni nzito juu ya msingi kuzuia unyevu, na upenu wa bati uliotokeza sentimita sabini badala ya ule wa kukatia kwenye fishabodi tunaouiga mjini. Juu ya msingi huo unapanga tofali bichi, bila nguzo wala fito, mchwa akose kazi. Unafunga kwa lenta ya zege na nondo juu ya madirisha, nyumba nzima izungukwe. Kwa mvua zetu, ambazo ni za msimu mmoja kuanzia Novemba hadi Aprili, ukuta huo unapata miezi sita ya kukauka kila mwaka.

Sizungumzii mabonde. Palipofurika maji, kama vijiji vya Kilwa vilivyozama Januari 2020, tofali bichi halifai na asikudanganye mtu. Wala sitakuletea mfano wa Shibam ya Hadhramaut, ambako magorofa ya udongo yamesimama kwa karne kadhaa, ingawa nusu ya mwambao wetu ina babu kutoka huko. Hadhramaut hainyeshi kama kwetu. Mfano usiolingana unaidhoofisha hoja.

Kosa linalochafua jina la udongo kuliko mvua ni lipu ya saruji. Mtu ana nyumba ya udongo nzuri, anapata fedha kidogo, anaipiga lipu ya saruji ili ifanane na ya jirani. Saruji ni ngumu, udongo unapumua na kucheza kidogo na unyevu, basi baada ya masika mawili lipu inabanduka vipande vipande kama magamba, na lawama inamwangukia udongo. Chokaa, ambayo mababu wa pwani walichoma kwenye matanu ya matumbawe na kuipiga ukutani, haina tabia hiyo. Inashikana na udongo na kuuacha upumue.

Na udongo si wote ni udongo. Hili fundi wa zamani alilijua kwa kidole, wa leo anaweza kulijua kwa chupa. Chukua chupa ya maji iliyo wazi, tia udongo theluthi moja, jaza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, iache hadi kesho. Mchanga utakaa chini, juu yake vumbi laini, juu kabisa mfinyanzi. Mfinyanzi ukiwa kama robo ya udongo wote, fyatua. Ukizidi sana tofali litapasuka juani, changanya mchanga. Ukipungua litamomonyoka, ongeza udongo wa kichuguu, ambao mchwa wameuchambua bure. Hakuna maabara hapo, na jibu linapatikana kabla hujamwita mwenye lori.

Nije kwa wenzangu wanaodhani wako upande wangu. Kuna walioshika bango la tofali la kufungamana, lile la udongo uliochanganywa saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine, ambalo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umelinadi tangu uanzishwe mwaka 2001. Ni tofali zuri. Lakini wanaolinadi huzidisha chumvi, wanasema linaondoa gharama ya saruji. Halifanyi hivyo. Tofali moja lina kilo nane na nusu hivi, saruji asilimia saba, mfuko unatoa kama tofali 80, na mita ya mraba inataka tofali 33. Kwa nyumba yetu ile ni mifuko 58. Unaokoa mifuko 28, theluthi moja, kwa sababu hulipii lipu wala ya kujengea. Theluthi ni kitu, kwa mjini na kwa shule ningelichagua bila kusita. Kwa mkulima wa magunia manane, tofali bichi juu ya msingi mzuri bado linashinda, maana ukiacha lenta, ukuta wake haugusi mfuko hata mmoja. Tofali la kuchoma silitetei: tanuri moja linameza miti ya shamba zima, na misitu yetu imeliwa vya kutosha.

Wapo pia wasanifu wa kigeni wanaokuja kujenga shule moja ya udongo, wanaipiga picha jioni jua likizama, wanapata tuzo, wanaondoka. Hao nao huwa wanatuhurumia kwa bati. Wangependa tubaki na nyasi. Hapo natengana nao kabisa, na natengana pia na Mwalimu Nyerere. Mwaka 1977, akipima miaka 10 ya Azimio la Arusha, alilalamika kwamba watu wamelogwa na bati na saruji hadi wanakataa tofali la kuchoma na kigae. Aliona ni ulemavu wa fikra. Kwa heshima zote, bati si ulemavu wa fikra. Nyasi za kuezekea zilikuwa karibu na kila nyumba kabla vijiji havijasogezwa na mashamba hayajapanuka. Leo unazifuata mbali, zinadumu misimu michache, zinahifadhi panya, na cheche moja ya jiko inatosha. Kigae kinataka kenchi nzito mara kadhaa na kuni za kukichomea. Bati linafanya jambo jingine ambalo Mwalimu hakulitilia maanani: linavuna maji. Kwa wilaya kama Ruangwa, ambako mwanamke anajua bei ya ndoo kwa mgongo wake, paa la bati lenye mfereji na tangi ni kisima. Joto lake la mchana Oktoba linatibika kwa dari na upenu. Ukiwa na fedha, nunua bati, na ununue la geji 28 badala ya lile la bei rahisi linalotobolewa na kutu kabla mkopo haujaisha.

Halafu saruji. Afya ndiyo ngao kubwa ya wanaopinga nyumba za udongo, na ngao hiyo inaelekezwa pasipo. Meksiko, katika jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 kuwamwagia maskini sakafu za saruji juu ya ardhi tupu. Watafiti waliolinganisha kaya walichapisha matokeo mwaka 2009: nyumba ikisakafiwa yote, vimelea vya tumboni kwa watoto vilipungua kwa asilimia 78, na kuhara kwa karibu nusu. Kuta hazikuguswa. Mbu wa malaria naye, kama watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walivyosema miaka mingi, hapiti kwenye tofali. Anapita kwenye mwanya kati ya ukuta na paa, na kwenye dirisha lisilo na wavu. Bloku lenye mwanya juu ni mlango wake vile vile. Sasa zirudie zile namba mbili. Mkulima mwenye mifuko 40 leo hana nyumba: ana nusu ya ukuta, boma linalolowa. Mkulima huyo huyo akijenga ukuta wa tofali bichi ana sakafu nzima, watoto wake wanalala mahali pakavu mwaka huu huu, na ana mifuko minne ya kuanzia lenta.

Boma linalolowa si la kukisia. Nenda kijiji chochote uhesabu yaliyoota nyasi ndani. Fedha ya misimu mitatu imekufa mle, mvua inanyesha juu ya ukuta ulio wazi, na mwenyewe anaendelea kulala kwenye nyumba ya zamani ambayo haikandiki tena kwa sababu, asema, anahama. Fikra ya "kila kitu cha dukani" haimpi nyumba ya kisasa. Inamnyima zote mbili.

Mbao niziseme kwa kifupi, ingawa zinaniuma zaidi. Misitu ya Nachingwea, Ruangwa na Liwale ina mninga, mkongo, mpangapanga. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa magogo yalitiririka kwenda bandarini na wengi wa wanunuzi walikuwa China. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilikadiria kuwa hadi asilimia 96 ya mapato yaliyopaswa kukusanywa yalipotea. Leo mlango wa sebule ni unga wa mbao ulioshikizwa kwa gundi, umesafiri baharini, na masika ya kwanza unavimba haufungiki. Sheria ya Misitu ya 2002 imewapa vijiji haki ya kumiliki na kuvuna misitu yao kwa mpango. Kijiji chenye msitu kisiposhurutisha zabuni ya shule yake itumie mlango wa mkongo kutoka msitu huo, sheria hiyo inafanya kazi gani?

Na hapo ndipo lawama inapopaswa kutua. Mwalimu aliwalaumu wananchi. Mimi namlaumu mnunuzi mkubwa kuliko wote. Mwaka 2021, kwa sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa miezi michache, kila darasa shilingi milioni 20, ramani moja toka Mtwara hadi Kagera. Nchi nzima ikakimbilia saruji na nondo wiki moja. Madarasa yalihitajika na watoto wamekaa humo, silibezi hilo. Lakini fundi hujifunza kile kinachopewa zabuni. Kama hakuna darasa, zahanati wala nyumba ya mwalimu iliyojengwa kwa udongo wa hapa kwa kiwango, fundi wa Nandagala atajifunzia wapi kipimo cha chupa, upenu wa sentimita sabini, lenta juu ya tofali bichi? Atabaki na udongo wa bibi yake na bloku la kiserikali, na atachagua la kiserikali. Benki na mthamini wa fidia wataendelea kuandika "nyumba ya muda" juu ya kila ukuta wa udongo bila kuugonga.

Kuna heshima pia, na sitaidharau. Wakwe wakija, mtu anataka pa kuwakaribisha. Wazee wa Kilwa Kisiwani, katika mkoa huu huu, walilielewa hilo vizuri. Mji ule msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 na kuusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema, tena akaandika kuwa ni wa miti. Misikiti yake iliyosimama hadi leo ni matumbawe na chokaa ya pale pale. Walikuwa matajiri wa dhahabu, wangeweza kuagiza chochote Bahari ya Hindi ilichokuwa nacho, na waliagiza: bakuli za kung'aa, wakazipachika kwenye kuba za msikiti mdogo ziwatazame waumini kutoka juu. Fahari waliinunua nje, ukuta wakaujenga kwa cha kwao. Ukuta wa tofali bichi uliopigwa chokaa na kupakwa rangi hauna tangazo kifuani linalosema mimi ni udongo. Pachika marumaru barazani, weka mlango wa mkongo uliochongwa, mkwe ataingia na kukaa.

Halmashauri za Ruangwa na Nachingwea zinaweza kuanza na vitu viwili. Darasa moja linalofuata katika kila wilaya lijengwe kwa tofali la kufungamana, udongo wa eneo lile, vijana wa kijiji wakilipwa kulifyatua na fundi wa VETA akisimamia. Na kwenye ubao wa matangazo wa kata, karibu na orodha ya majina ya waliolipwa korosho, ubandikwe mchanganuo wa fedha za darasa lile na la bloku lililotangulia: kiasi gani kimelipwa mtu wa ndani ya kata, kiasi gani kimepanda lori.